Mashahidi Wawili wa Nyumba ya Kamembe

Jumamosi, 1 Machi 1997
Masomo tena. Lisansi, yaani digrii, ya Sera za Umma, kwenye benchi za shule ya msingi, magoti yanagusa kidevu. Wenzetu wa Fedha wamepewa chumba chenye madirisha. Sisi wa Ardhi na Makazi, matundu ukutani na upepo mtupu. Porofesa amesifu mpango wangu wa kurudishia wakimbizi nyumba zao: anayedai alete watu wawili wa mtaa waape kwamba ni yake. Bila hao, hapewi. Komini, serikali ya mtaa ninakofanya kazi, imeanza kuutumia. Nimevimba kichwa siku nzima.

Jumanne, 4 Machi
Amekuja mwanamke, amekonda, miguu imevimba, katoka msituni Kongo. Nyumba hii ya Kamembe, tuliyoikuta tupu tukaingia tuliporudi kutoka ukimbizini Bukavu, ni yake. Nilijua ni ya mtu. Sura ndiyo sikuijua. Mke wangu, Maman Furaha, kampa uji. Hakudai kitu. Aliangalia nyuma ya jiko, tunapofunga mbuzi, akasema polepole:

"Papa, munifungulie tu ile mbuzi. Mutoto wangu amelala pale chini."

Alikufa kwa homa kabla ya vita, wakamzika pale. Sisi tumefunga mbuzi juu yake tangu tuhamie. Batoto wetu wanacheza pale.

Jumatano, 5 Machi
Mbuzi nimemhamisha. Haisaidii. Nikipita nyuma ya jiko nanyata, mtu mzima mimi. Furaha hataki tena kwenda kuleta kuni huko. Naogopa. Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Watu wa parokia wamemwambia yule mama adai nyumba. Komini itamsikiliza kesho. Maman Furaha amewaka: tutapeleka wapi batoto wanne, na ng'ambo Kongo ni vita? Anasema kanuni niliiandika mwenyewe, na mama wa watu hana shahidi. Kweli hana. Majirani zake wengine walikufa, wengine hawajulikani waliko. Nikikaa kimya tu, nyumba inabaki kwetu. Nitakaa kimya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesimama. Kule komini walimuuliza yule mama mara ya pili mashahidi wako wapi. Nikasema, "Wa kwanza ni mimi." Mkubwa wangu wa kazi kanitazama kama nimerukwa na akili. Akakumbusha kwamba wanatakiwa wawili. Nikakaa. Ndipo Maman Furaha akainuka kule nyuma, macho mekundu, hanitazami.

"Wa pili ni mimi. Mutoto wake yuko pale."

Nyumbani ameanza kufunga vyombo.

Jumamosi, 15 Machi
Yule mama karudishiwa nyumba; sisi tumepanga chumba kimoja karibu na uwanja wa ndege. Batoto wanakohoa. Nimeenda darasani hivyohivyo. Porofesa ameuliza: anayetoka kwenye nyumba ya mwenzake, mpango wangu unampeleka wapi? Nikajibu sikuliandika hilo. Akawauliza wengine. Benchi zote zikainamisha vichwa. Nazijua nyumba wanazokaa: nazo ni za watu waliokimbia. Porofesa naye yumo katika moja. Alifuta ubao, akasema turudi nyumbani.