Kiatu cha Kalunde

Mutunga mwanangu, umewahi kumwona mtoto wako akipanda basi? Mimi nimemwona leo.

Muthokoi wa mahindi na maharagwe uko kwa sufuria ya kifuniko chekundu. Ndama bado hajanywa maji.

Kalunde alisahau seti ya jiometri, nikamfuata nayo, lakini sikuwa nimefika steji basi lilipotokea. Konda akiona ni yunifomu tupu hasimamishi, maana wanafunzi hulipa nusu. Basi likapunguza mwendo tu. Mtoto akakimbia, akarukia ngazi ya nyuma, kiatu kimoja kikaanguka barabarani. Akaning'inia hapo, akanipigia kelele mimi nyanya yake, eti, “Susu, rudi nyumbani, nimezoea!”

Amezoea! Naandika haraka, soma hivyo hivyo.

Nimeenda Kitui shuleni kwake na hicho kiatu na seti yake. Jioni nitasimama naye steji. Mtu mzima akiinua mkono, gari husimama.

~~Usimwambie mama yake.~~ Mwambie mkeo Kasyoka akitoka kanisani, lakini akae kwanza.

Tangu ulipomhamishia shule ya mjini nimenyamaza, nikiogopa utaudhika. Leo naogopa hilo basi kuliko hasira yako. Nilitaka asome hapa Kwa Vonza, mahali anafika kwa miguu yake.

Mama yako