Maneno Mawili Ndani ya Kanda

Kiponda, Unguja
Ijumaa, Mfungo Tano, 1998

Ndugu yangu Salim,

Bi Rukia amekuja tena. Yule anayesomea udaktari, si wa hospitali, wa vitabu, aliyekuja mwaka jana na redio kaseti yake akitafuta watu ambao ubongo wao umekua kwa njia nyingine tangu utotoni. Alitaka kujua wao wenyewe wanajionaje, na nini huwafanya waone wanaishi vizuri. Ulivipenda viatu vyake. Ulivipanga mlangoni, ncha zikitazama ukuta.

Alikuwa hajasikia. Nilipomfungulia akauliza, "Salim yuko juu?" Nikamwambia ni miezi mitano sasa. Homa, siku nne tu. Akakaa pale pale kwenye ngazi akalia, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Nikuambie ya nyumbani. Dirisha la chumba chako sijalifungua. Kofia uliyoiacha hujamaliza kuishona ina vitobo upande mmoja tu. Mwenye duka alimtuma mtu aje kuichukua, ampe mshonaji mwingine aimalize, nikasema imepotea. Ipo chini ya mto wangu. Kila asubuhi natia birikani maji ya watu wawili. Jirani yetu Bi Zuhura hunipoza, "Mshukuru Mungu, Fatma. Yeye kapumzika, na wewe umepumzika." Namwitikia, sina nguvu za kugombana. Nimepumzika na nini, Salim?

Bi Rukia alisema kitabu chake kinakaribia kwisha. Humo umepewa jina jingine ili usijulikane, kama alivyotuahidi. Akanisomea maneno aliyoyaandika kuwa ndiyo jibu lako: "Ana raha zake. Akipata chakula na uzi wake, basi." Akaniuliza kwa upole kama naridhia yabaki. Kisha akasema, "Lakini Bi Fatma, ni haki yako usikie kwanza," akatia kanda redioni.

Inaanza na kunguru. Halafu sauti yake: "Salim, wewe mwenyewe unajiona ni mtu gani?" Halafu kimya. Nasikia sindano ikigonga kastabini kidoleni mwako, tk, tk, kisha nayo inasita. Halafu wewe, polepole:

"Mimi si..."

Na mimi hapo hapo: "Kunywa chai, bibi wee, inapoa! Huyu ukimngoja utalala hapa. Ana raha zake huyu, akipata chakula na uzi wake, basi!" Na nacheka, Salim. Mgeni naye anacheka kidogo, kwa adabu. Baada ya hapo husikiki tena mpaka kanda inakwisha. Sindano tu.

Nilijua. Hakuna aliyejua kuliko mimi kwamba jibu lako huchelewa. Nikikuita kutoka uani, "naam" yako ilinikuta nshasahau nilichokuitia. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akikungoja, mkono shavuni, hata wali uungue. Mimi nilikuwa na mgeni. Niliona haya swali lake libaki hewani, asije akaenda kusema nyumba ile watu hawajui hata kumjibu mtu. Ni hilo tu. Hakukuwa na sababu nyingine, na ningependa sana iwepo.

Nimejaribu kukumalizia. Mimi si mgonjwa. Mimi si mtoto. Mimi si punguani, kama wanavyoniita vichochoroni. Labda ulitaka kusema tu wewe si mpenzi wa chai. Kila ninaloliweka linatoka na sauti yangu.

Sasa kila nikikaa nakumbuka pengine nilipokujibia. Kwa kinyozi. Mlangoni pa msikiti, kwa wale waliouliza mbona huvai kofia na kutwa unazishona. Na siku ile ya homa, hospitali. Yule daktari alikuuliza wewe, alikutazama wewe, "Panauma wapi?" Nikasema mimi: tumbo. Nikamwonyesha tumbo lako kwa mkono wangu. Wewe ulikuwa umejishika shingo.

Labda isingebadili kitu. Watu wote wananiambia siku yako ilikuwa imefika. Lakini ule mkono wako shingoni siwezi... Nauona nikipeta mchele, nauona nikitawadha. Bi Rukia sikumwambia. Nimekuambia wewe.

Nilimwomba ayafute yale maneno, maana ni yangu. Akasema, "Tukiyatoa, hakitabaki chake ila haya mawili, 'Mimi si'." Nikamwambia basi ayaweke hayo mawili, mbele yake aache nafasi nyeupe, asiijaze yeye wala mwalimu wake yeyote. Na chini aandike kwamba dada yake alimdakiza. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, watu watasoma. Wasome.

Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata. Ile nafasi itabaki nyeupe hata nami nikifa, na hakuna mtu popote anayejua kilichokuwa kinakuja. Bi Rukia aliondoka kabla ya adhuhuri. Nilivaa buibui nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa na la kufanya ndani.

Kwaheri, ndugu yangu. Sitakuomba radhi kwa maneno mengi, maneno yangu yamekutosha. Naahidi hili: sitamwambia tena mtu yeyote kwamba ulikuwa na raha zako. Wakiniuliza ulikuwa mtu gani, nitasema sijui, niliishi naye miaka thelathini na minne na sikumngoja aseme. Watanishangaa. Nitasema hivyo hivyo.

Na kama huko watu hukumbukana, nikumbuke na mimi.

Dada yako,
Fatma