Rambirambi za Mhasibu

Mwenzangu, uko wapi? Weka chini unachofanya.

Unamkumbuka mhasibu wetu, anayenicheka mwaka wa tatu sasa kila Shoto wangu akitolewa raundi ya kwanza? Aliyesema mcheza tenisi mwenye goti bovu akauze raketi?

Leo kaniletea kadi ya rambirambi. RAMBIRAMBI! Ofisi nzima imetia saini, hadi bosi.

Alichungulia mechi kwenye simu, akaona Shoto kapoteza seti ya kwanza, na ya pili yuko nyuma tano kwa moja. Akazima. Yule ni mtu wa mpira wa miguu, anadhani kuna filimbi ya mwisho! Tenisi haina saa. Hushindwi mpaka pointi ya mwisho ipigwe.

Mimi simu iko chini ya meza, naona kila kitu. Nikauchuna.

Saa ya chai akasimama kutusomea: "Goti la Shoto lilitangulia, leo mwenyewe kalifuata." Bosi akacheka hadi machozi. Mimi nimeinama kama mfiwa kweli.

Alipomaliza nikainua simu. Shoto kapiga magoti katikati ya uwanja, kwa goti lile lile, kashinda seti mbili kwa moja!

Mhasibu akauliza, "Hiyo ni ya lini?"

"Ya sasa hivi, kaka. Pole sana."

Kadi nimeibandika mlangoni kwake. Nimekata jina la Shoto, nikaandika lake. Saini za ofisi nzima nimeziacha zilivyo.