Njia ya Majani Makavu

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Ni mimi binti yako mkubwa, yule yule aliyewaita polisi. Baba mdogo alifika hapa Ihanda Jumapili baada ya ibada, akasema tangu umalize kifungo umetulia kwake Bweranyange, na unaomba kurudi nyumbani. Mama alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema atajibu baadaye. Acha nikueleze yaliyotupata hapa, ndipo utaelewa jibu lake.

Unakumbuka ulivyonifundisha kupogoa? Nilikuwa darasa la tatu. Ulinishika mkono ukaniambia, "Taratibu. Usikate kama unagombana na mgomba." Wewe ulikata kwa mkono wa kushoto, na mikato yako yote iliinama upande mmoja. Jirani akipita alijua mgomba gani umepitiwa na wewe. Nilikupenda sana pale shambani, Tata, na sijaacha, ingawa nimejaribu.

Lakini nakumbuka pia ukimya wako. Ulipenda shamba litandazwe nyasi nene, na mtu akitembea juu yake hasikiki. Mimi na Mama tulikuwa tukikaa jikoni tunamenya ndizi, tunacheka, tukigeuka umeshasimama mlangoni. Mwishowe tukawa tunamenya bila kuongea, masikio yakiwa nje. Na siku ile ulipomvunja Mama mkono wa kulia, eti chakula kimechelewa, hatukusikia hata hatua moja.

Sasa sikia hili. Wiki moja baada ya wewe kutoka gerezani, nilitoka asubuhi kuchota maji nikakuta migomba mitatu nyuma ya jiko imepogolewa. Mikato imeinama upande wako. Kesho yake ilikuwa mitano, na koti lako la kijivu, lililobaki hapa tangu ukamatwe, halikuwepo kwenye msumari wake. Nilimpigia baba mdogo, akaapa kwamba hujatoka nje ya ua wake. Badala ya kutulia nikazidi kuogopa, kama si wewe basi ni nani, nikawa nafunga mlango wa jiko hata mchana. Nilipomwambia Mama, aliendelea kupepeta maharage.

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito, hata choo hakionekani. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Nikaliona koti lako likija kati ya migomba, bila sauti yoyote. Aliyelivaa alikwenda hatua chache, akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akakata jani, akaendelea. Kwa mkono wa kushoto.

"Tata!" nikaita.

Akageuka. Alikuwa Mama.

Ule mkono wa kulia haukuunga vizuri, Tata. Haupandi kupita bega. Amejifunza kukata kwa kushoto, ndiyo maana mikato yake imefanana na yako.

"Mama, koti la Tata la nini?"

"Natembea kama alivyokuwa anatembea," akasema. "Nilitaka kujua ni wapi ningemsikia. Nimezunguka shamba lote, mwanangu. Hakuna mahali."

Nililia pale pale. Yeye hakulia. Siku hiyo tulizoa nyasi zote njiani, kuanzia barabarani hadi mlangoni, tukamwaga majani makavu ya migomba. Majirani wanatucheka kwamba tumekuwa wavivu, hatufagii. Wacheke tu. Siku hizi hata kuku akipita tunamsikia.

Mimi nataka urudi, nalisema waziwazi. Nimechoka kuitwa binti aliyemfunga baba yake, na nimekukumbuka. Lakini mkono uliovunjika si wangu, na jibu si langu. Jana nilimwuliza Mama, naye akanipa maneno haya nikuandikie:

"Aje mchana, na mdogo wake, na wazee wa kanisa. Apite njiani. Nitamsikiliza kuanzia barabarani. Moyo wangu ukitulia, nitafungua mlango. Usipotulia, nitabaki ndani, na yeye arudi alikotoka bila neno."

Basi njoo, Tata. Usikatize shambani, hata kama ndiko unakokupenda. Vaa viatu vizito, kanyaga kwa nguvu, na usiharakishe.

Sisi tutakuwa jikoni, tunasikiliza.

Ni mimi,
binti yako uliyemfundisha kupogoa