Jina la Halvor Siku ya Jumatano

Stesheni ya Haugen Prairie,
Minnesota,
Februari 1944

Dada yangu mpendwa Borghild,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Theluji imefika madirishani, ng'ombe wamepunguza maziwa, na Mama anauliza kama huko Seattle unakula chakula cha maana au unaishi kwa kahawa kama mabaharia. Umjibu vizuri, maana siku hizi ana wasiwasi na kila mtu.

Ibada ya Jumatano ya kuombea amani na askari wetu inaendelea, na kanisa linajaa kuliko Krismasi. Utaratibu ni uleule: Mchungaji Nygaard anataja askari mmoja mmoja, na mama yake anasimama na kujibu, "Umlinde, Bwana." Mama anaamini kabisa kwamba jibu hilo ndilo linalomweka kaka yetu hai huko vitani Italia. Akisikia jina la Halvor anajibu kwa sauti ile anayotuitia toka shambani. Bi Magnhild Tveit alizoea kumtania kwamba Mungu si kiziwi, naye Mama akimjibu kwamba Italia ni mbali, mama wee, acha sauti ifike.

Utani huo umekwisha. Einar, mtoto wa Magnhild, aliuawa mwezi wa Novemba. Baba ndiye aliyeipokea telegramu pale stesheni akampelekea, kama anavyowapelekea wote. Siku hizi watu wakiiona kofia yake ya reli inapita barabarani wanafunga mapazia, na wengine waliocheza naye karata miaka yote hawamwamkii. Inamuuma sana, ingawa hasemi.

Nawe unajua sisi Walutheri hatuwaombei wafu. Jumatano iliyofuata, mchungaji alipofika kwenye jina la Einar alilipitiliza. Magnhild, kwa mazoea, alikuwa ameshasimama. Alibaki pale mdomo wazi, hana cha kujibu, mpaka Mama akamvuta mkono akaketi. Baada ya ibada mchungaji akamweleza kwa upole kwamba Einar yuko kwa Bwana na hana tena haja ya maombi yetu. Magnhild akamwambia, "Yeye hana haja, mchungaji. Na mimi je?" Mchungaji akafunga kitabu chake cha ibada. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia.

Sasa keti, dada yangu. Nimezunguka vya kutosha.

Jumatano ya wiki iliyopita, Mama alipojibu kwa ajili ya Halvor, Baba aliinuka akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta nyuma ya kibanda cha kuni ameinamia ukuta, analia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Bibi. Aliniambia kwamba Halvor wetu ameuawa. Habari ilikuja kwenye waya wa telegramu akiwa peke yake mezani pale stesheni. Aliisikiliza herufi kwa herufi, na lilipofika jina la mwanawe mkono ukakataa kuandika. Mtu aliyepeleka habari kama hizo kwa kila jirani alishindwa kuileta hii moja nyumbani kwake. Akanisihi nimwache Mama amwombee kidogo zaidi, kwa sababu maombi ndiyo yanayomsimamisha.

Nilikubali, lakini sikupata raha. Niliona ni ukatili kumwacha Mama apaze sauti vile kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Jumamosi nikamfuata jikoni akisukuma mikate ya viazi, nikiwa nimeazimia kumwambia. Nilipofungua tu mdomo, akasema bila kugeuka, "Najua, mwanangu. Usiseme."

Alisema tangu Halvor aende vitani, kila Baba akifika mlangoni, kabla hajavua kofia, huuliza kama kuna barua ya Halvor. Lakini jioni moja aliingia, hakutaja barua, akamuuliza tu kama anasikia baridi. Hapo hapo Mama akajua. Alikwenda ghalani akalia huko, akarudi akapakua chakula.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie Baba, walie pamoja. Akaniambia, "Nikisema najua, Jumatano mchungaji atamruka mwanangu. Ulimwona Magnhild. Sikuwepo Halvor alipokufa, Signe. Sikumfumba macho. Kilichobaki mkononi mwangu ni hicho tu, niitiwe jina lake nijibu. Niacheni nijibu." Kisha akaniambia mkate unaungua.

Basi jana ilikuwa Jumatano. Jina lilitajwa, Mama akasimama, akajibu kwa sauti yake yote. Na Baba, ambaye hajawahi kufungua mdomo kanisani ila kwa kukohoa, akasimama kando yake akajibu naye. Hawakutazamana. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya watu wote.

Barua ya serikali iko njiani, na ikifika mchungaji atajua. Huenda imebaki Jumatano moja. Kwa hiyo nakuomba usimwandikie Mama pole kwanza. Jumatano ijayo jioni, popote utakapokuwa kiwandani, simama umwombee Halvor kwa jina. Najua amekufa, na najua tulivyofundishwa. Mwombee hivyo hivyo.

Baba na Mama wanakusalimu sana, kila mmoja kivyake. Mungu akutunze, ufunge shingo vizuri na baridi hii.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Signe