Taratibu, Mama

Salha,

Nimeenda Ilula kufuata nyanya. Maharage ya futari yako jikoni, yaangalie yasiungue. Kwenye uji usizidishe pilipili manga kama jana.

Leo baada ya swala ya alfajiri nimekusikia sebuleni ukimsomesha jirani yetu Mama Nasra Qur'ani. Amekosea mara tano aya moja, na wewe unamwambia, "Taratibu mama, tuna muda." Sauti laini kweli! Juzi mimi nilikosea mara moja tu, ukaguna, ukashika simu.

~~Mwambie kesho asije.~~ Aje tu, ni Ramadhani. Mwekee na uji.

Ila jioni nitasoma tena Yasini, na nitakosea tena. Na mimi niambie taratibu.

Mama yako, yule aliyekuzaa