Rangi ya Kidudu cha Kisimani

Siku ya Posho, Jumamosi, 19 Agosti 1961
Baada ya Rozari, hadubini. Padri aliniachia mimi, katekista wake, alipohamishwa. Chombo hiki hunifundisha unyenyekevu, ndivyo nilivyodhani.
Leo tone la kisima cha mtaa, kile tulichokifunika kwa mbao. Watoto wanaharisha damu. Kidudu kimoja kimejaa humo: kifupi, kinene, cheupe, vinyweleo vikipiga maji pande zote. Kilikimbia mno. Nikatia pombe kali kitulie. Kikavimba kama yai. Katika kitabu cha Padri mna picha ya yai la namna hiyo: kidudu cha kuhara, kitokacho katika mavi ya nguruwe.
Nimefurahi kukitambua.

Siku ya Mungu, 20 Agosti
Baada ya Misa, kwenye ngazi za kanisa, zilipokwisha kutangazwa ndoa, nimetangaza: kisima kifungwe, kina kidudu cha nguruwe. Sikumtaja mtu. Hapakuwa na haja. Mwenye nguruwe mtaani ni mmoja, Kabeya mshona viatu, naye ni mtu wa Kasai. Tangu Katanga yetu ijitenge na Kongo, hilo peke yake ni kosa.
Kijana akapaza sauti: "Tulisema! Bale Bakasai banatunywesha mavi!"
Wakacheka. Nilikuwa na kinywa cha kuwakanya. Nikakunja karatasi yangu.

Siku ya Pili, 22 Agosti
Nguruwe wote wamechinjwa. Mlango umevunjwa. Kabeya na mkewe wamekwenda kambi ya wakimbizi. Alipita kwangu, sanduku la nyundo begani.
"Baba Katekista, ungeniambia mbele. Tungekula bale nguruwe pamoja, na pilipili."
Alicheka. Akashika njia.

Siku ya Tano, 25 Agosti
Kopo la maji yale nililisahau dirishani, juani. Leo yameingia kijani.
Tone jipya, bila pombe. Nyuzi za pamba tu, kuzuia mbio zake. Kinywa ki ubavuni, si mbele. Umbo ni la wayo wa kiatu. Ndani, chembe za kijani, mimea midogo inayoishi mwilini mwake. Giza la kisima liliififisha, mwanga umeirudisha.
Ni paramesi wa kijani, kidudu cha maji tu. Hadhuru mtu. Yai nililitengeneza mimi, kwa pombe yangu na haraka yangu.
Ugonjwa wa watoto sijui watoka wapi. Hilo ndilo ningalipaswa kutangaza.
Zaburi ya toba nimeianza mara tatu.

Siku ya Mungu, 27 Agosti
Ngazi zilezile. Nimesema nilikosea. Safari hii nimemtaja Kabeya kwa jina: hana hatia.
Kisha mama mmoja, akimfunga mtoto mgongoni: "Aa, Baba. Bale nguruwe tulishakula."
Wakatawanyika. Sikupata hata wa kunikasirikia.

Siku ya Posho, 2 Septemba
Nimekwenda kambini kwa miguu. Kabeya ameketi chini ya turubai, anashona. Nimemweleza yote: pombe, yai, kijani, ngazi. Alisikiliza, sindano mkononi. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme.
Mwishowe alitazama miguu yangu. "Ile soli inakufa, Baba. Lete."
Nikavua kiatu. Akakiweka nyuma ya viatu vya wengine vilivyongoja zamu. Alisema nikifuate Siku ya Posho ijayo.
Nimerudi na kiatu kimoja, mji mzima ukitazama. Sikuharakisha.